Kuchoma mabua Dodoma: moto unaua nini, unaacha nini?

Kila kiangazi kikikolea Dodoma ubishi ni uleule. Bwana shamba anasema msichome mashamba. Mkulima anamsikiliza kwa adabu, anaitikia, kisha mvua zikikaribia moshi unapanda. Ni rahisi kumwita mbishi. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina hoja za maana, ila kila upande umebeba hoja moja mbovu inayoziharibia zile nzuri.

Mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwa wastani hupata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Mvua ikishuka, mbegu inatakiwa iwe tayari ardhini, maana aliyechelewa hukuta mtama unatoa masuke wakati mvua imeshakata. Ndiyo maana Wagogo wana kuberega: unakusanya mabua na magugu, unachoma, unapanda bila kulima. Kwa familia yenye majembe mawili na ekari nne, hiyo ni hesabu ya siku na nguvu. Kiberiti ni rahisi kuliko kibarua, na ni rahisi mno kuliko trekta la kukodi.

Tena kuna faida ambayo wapinga moto huiruka. Bungua, yule kiwavi anayetoboa mashina ya mahindi na mtama, hujificha kiangazi kizima ndani ya mabua makavu akisubiri unyevu. Bua likiungua, naye anaungua. Ushauri wa kuchoma au kufukia mabua yenye bungua ni wa zamani na umetoka kwa wataalamu wenyewe, kwa hiyo anayesimama kwenye mkutano wa kijiji na kutangaza kwamba moto hauna faida yoyote anajivunjia heshima mbele ya watu wanaojua.

Hoja mbovu ya mkulima ni panzi. Wengi huamini moto unaoua bungua unamaliza na panzi. Panzi jike hutaga ardhini, sentimita kadhaa chini, na mayai yake hukaa ndani ya povu linalokauka na kuyakinga. Moto wa mabua hupita kwa haraka. Juu udongo unababuka, lakini chini kidogo tu joto halifiki kiasi cha kuyadhuru. Mvua ikinyesha, tunutu, yaani panzi wachanga wasio na mabawa, wanatoka wakati uleule mtama unapochipua, na kwa kuwa umeshachoma nyasi zote pembezoni, kijani pekee wanachokikuta ni miche yako. Hapo umewaandalia meza.

Panzi hutaka kazi nyingine, ndogo ila ya kujirudia: kukagua kingo za shamba na vivuli vya miti wakati wa kiangazi, kufukua sehemu walizotagia ili jua na ndege wayapate mayai, kuwaacha kuku na kanga wapite, na kuwawahi tunutu wakiwa bado wamejikusanya sehemu moja, hawajatawanyika. (Nzige ni habari tofauti. Nzige wekundu wana mazalio yao yanayofahamika, mojawapo mbuga ya Wembere, na kuwadhibiti ni kazi ya Serikali na shirika la kimataifa la nzige wekundu lenye makao Ndola, Zambia. Hakuna kijiji kitakachowaweza kwa majembe.)

Sasa upande wa pili. Kiangazi cha Dodoma kina upepo, na nyasi za Oktoba hazihitaji cheche mbili. Moto ulioanzia kwenye ekari moja haujui mpaka wa shamba. Hapa ndipo ninapoegemea kwa wapinga moto, kwa sababu ya visiki hai. Tangu 2018 shirika la LEAD Foundation, pamoja na Justdiggit, limekuwa likiwafundisha wakulima wa mkoa huu kuchagua machipukizi kwenye visiki vilivyo hai, kuyapogolea, kuyawekea alama na kuyalinda mpaka yawe miti. Hakuna gharama ya miche wala kumwagilia, maana mizizi imeshashika chini. Lakini chipukizi la miaka mitatu, lenye gome jembamba, likipitiwa na moto mkali mchana mmoja, mwenye shamba anarudi mwanzo. Na mara nyingi si yeye aliyewasha. Aliyewasha alipata shamba safi, jirani yake akapoteza miaka mitatu. Mkulima anayedai kuchoma ni haki yake kwenye shamba lake aulizwe kuhusu huyo jirani.

Kuna na udongo wenyewe. Mvua za kwanza huwa kubwa na za ghafla. Zikiangukia ardhi iliyo uchi, udongo unajifunga juu na maji yanakimbilia korongoni. Kongwa wanalijua hili kuliko wengi: mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufungwa 1951, ulifyeka vichaka kwa matrekta ukakutana na ukame na udongo uliokauka ukawa mgumu kama saruji.

Basi bwana shamba anasema mabua yaachwe yafunike ardhi. Hiyo ndiyo hoja yake mbovu, kwa jinsi inavyosemwa. Yaachwe kwa ajili ya nani? Mavuno yakiisha, mashamba mengi ni malisho ya wote. Hadi Oktoba ng'ombe wameshapita mara kadhaa, na walichobakiza mchwa wamemaliza. Kumwambia mkulima asichome bila kugusa suala la mifugo ni kumwambia alishe ng'ombe wa mwenzake kisha akose kila kitu. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, Serikali iliondoa mifugo yote kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa. Uoto ulirudi, lakini kwa bei kubwa kwa wafugaji, na sioni kijiji cha leo kikikubali hilo.

Ningekuwa mshauri, ningeacha kutetea marufuku ya jumla. Mabua yenye bungua yakusanywe rundo dogo, yachomwe asubuhi upepo ukiwa umetulia, baada ya kufyeka ukanda kuzunguka na kuwaambia majirani. Au yalazwe juani kwa wiki kadhaa, maana jua kali nalo humuua bungua ndani ya bua, na jua la Dodoma halina bei. Mashimo ya kupandia yaitwayo ya Chololo, kwa jina la kijiji cha mkoa huu, yenye upana wa kama sentimita 22 na kina cha 30, hukusanya maji pale mbegu ilipo bila kulima shamba zima. Ubaya wake ni kwamba kuyachimba kwenye ardhi kavu kunachosha, na ndiyo sababu wengi huchimba mistari michache wakaacha.

Sheria ya Misitu ya 2002 ina masharti ya kuchoma uoto, vibali vikiwemo. Lakini kijiji ndicho chenye nguvu ya kweli hapa, kwa sheria ndogo inayotaja tarehe mifugo inaporuhusiwa kuingia mashambani, mashamba gani yanaachwa na mabua yake, na nani analipa moto ukivuka mpaka, awe mkulima, mrina asali au mfugaji aliyetaka majani mapya. Mkutano wa kupanga hayo ufanyike Juni, kabla mtama haujaisha kuvunwa. Ukiitishwa Oktoba, ng'ombe wameshakula na kiberiti kiko mfukoni.