Marehemu Yuko Hewani

Mwandishi wa michezo ya jukwaani ana raha yake. Mambo yakimharibikia, yameharibika mbele ya watu mia mbili, na nusu yao ni ndugu wa waigizaji. Mimi yangu yaliharibika kwenye televisheni, moja kwa moja, Jumamosi saa mbili usiku.

Ilikuwa miaka ya tisini, televisheni za Dar es Salaam ndiyo kwanza zinaota manyoya. Zanzibar walikuwa na yao, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulikaa tunasubiri mpaka 1994. Mtaani, nyumba yenye seti sebule yake ilikuwa ukumbi: watoto sakafuni, majirani dirishani, mwenye nyumba mwenyewe kakosa pa kukaa. Kituo kimoja, ambacho jina naliacha kwa sababu bado tunasalimiana, kilikuwa na kamera mbili, studio moja, na nusu saa ya Jumamosi isiyo na kitu cha kuonyesha. Mashine ya kuhariri ilikuwa mbovu. Nikawaambia wasihangaike nayo. Wamarekani waliandika tamthiliya bora kabisa za televisheni bila kuhariri chochote.

Nilikuwa nimesoma habari za hao watu mpaka zikanilevya. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, New York ilikuwa inatoa tamthiliya mpya kila wiki, tena zaidi ya moja. Waigizaji wako studio, nchi iko mbele ya kioo, na akisahau mtu maneno amesahau mbele ya wote. Mashine za kurekodi picha kwenye kanda zilipatikana mwaka 1956. Kabla ya hapo, ukitaka kumbukumbu, unaelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni na kuomba Mungu. Katika mazingira hayo Paddy Chayefsky akaandika Marty, ikarushwa tarehe 24 Mei 1953: habari za mkata nyama wa bucha huko Bronx, umri umekwenda, hajaoa, na kila mteja anayekuja kununua nyama anamuuliza ataoa lini. Basi! Hakuna mfalme, hakuna vita. Mwaka 1955 ikageuzwa filamu, na filamu hiyo ikanyakua Oscar.

Aliyenimaliza zaidi ni Rod Serling. Tamthiliya yake Patterns ilirushwa tarehe 12 Januari 1955. Watu wakaipenda mno, wakataka kuiona tena. Itarudiwaje, na kanda hakuna? Waigizaji wakaitwa upya, tarehe 9 Februari wakaiigiza tena yote, moja kwa moja, mwanzo hadi mwisho. Nilipolisoma hilo nilijiona mimi ndiye Serling wa Magomeni.

Nikaandika kwa kanuni zao. Vyumba viwili tu, watu watatu, nyuso karibu na kamera. Na kanuni ambayo watu wa jukwaani hawaijui: mwandishi anaandika pamoja na miguu ya mwigizaji. Kama mtu anatoka jikoni na dakika hiyo hiyo anatakiwa ofisini akiwa amevaa koti, lazima umpe mwingine maneno ya kuzungumza wakati huyu anakimbia nyuma ya mbao huku akifunga vifungo. Igizo langu lilimhusu Mzee Kondo, fukara anayedaiwa na mtaa mzima, anayekufa na madeni yake. Mke wake, Bi Mwanahawa, anabaki na mdai mlangoni. Bajeti ilitaka Mdai na Daktari wawe mtu mmoja, kwa hiyo nikamwandikia Bi Mwanahawa maombolezo marefu ili Mdai apate nafasi ya kuvua kofia na kuvaa koti jeupe.

Kisha akaja mdhamini, muuza magodoro.

“Kijana, huyo mzee wako anafia wapi?”

“Kwenye mkeka, bosi. Ni fukara.”

“Anafiaje kwenye mkeka na mimi nipo?”

Mkeka ukaondoka, likaja godoro la inchi nane, jipya, na sharti juu yake: nailoni isivuliwe, maana jina la biashara limechapwa kwenye nailoni. Mwongozaji alikasirika kuliko mimi. Mimi nilijua historia. Mwaka 1959, huko huko Marekani, ilirushwa tamthiliya kuhusu kesi za Wanazi kule Nuremberg, na mmoja wa wadhamini walikuwa umoja wa makampuni ya gesi. Hawakutaka gesi yao ya kupikia ihusishwe na vyumba ambamo Wanazi waliua watu kwa gesi. Kila mwigizaji alipofika kwenye neno “gesi”, fundi alikata sauti, midomo inacheza na neno halisikiki. Ukipima hayo, mtu anayeomba godoro tu ni mtu wa kumshukuru.

Siku ikafika. Studio ilikuwa na kiyoyozi, lakini kikiwashwa kinaunguruma kwenye maiki, kwa hiyo kilizimwa. Taa zote ziliwaka. Mzee Kondo, kifua wazi, akalazwa juu ya nailoni akaanza kutoa wasia wake wa mwisho. Akivuta pumzi, nailoni inajibu: kwacha! Akigeuka kumtazama mkewe: kwacha kwacha kwacha! Maneno yenyewe, niliyoyatolea jasho, hakuna aliyeyasikia vizuri, ila chapa ya godoro ilionekana safi kabisa.

Hilo tungelivumilia. Balaa lilikuwa mwendo. Mwigizaji akipata woga anameza maneno, na woga wa kamera si woga wa jukwaa. Wasia ukaisha upesi. Mzee akakata roho upesi. Maombolezo yale marefu Bi Mwanahawa aliyakata katikati kwa sababu, alivyonieleza baadaye, nzi alikuwa anaelekea mdomoni. Tukatazama saa ukutani: marehemu ameshakufa, mswada umebakiza ukurasa mmoja, na hewani tuna dakika saba. Tangazo la kujazia halikuwepo. Mdhamini ni yule mmoja, na tangazo lake lilikuwa limelaliwa na maiti.

Mwongozaji akamwambia msimamizi wa studio, kupitia kifaa cha masikioni, awaashirie warefushe. Huyo msimamizi alikuwa ametoka kozi ng’ambo. Akasimama pembeni ya kamera, akafanya ile ishara yao: viganja viwili vinakutana, vinaachana taratibu, kama mtu anayevuta ubani mdomoni. Na kwa kusisitiza, midomo bila sauti: “Vuta! Vuta!”

Bi Mwanahawa alikuwa mama wa jukwaani, mwenye nidhamu. Akiambiwa avute, anavuta. Akatazama huku na huku kuona kinachovutika. Mkononi mwake ulikuwa mkia wa nailoni ya godoro.

Akavuta.

Mzee Kondo alikuwa amelowa jasho mgongo mzima. Aliteleza taratibu kwanza, macho yamefumbwa, mikono imepangwa kifuani, heshima zote za marehemu. Halafu ghafla akatua kwenye sakafu ya saruji.

“Uwiii! Kiuno changu!”

Kwenye chumba cha mitambo hakuna aliyepumua. Mpiga kamera wa pili alikuwa anacheka bila sauti, na picha yote ikawa inatetemeka. Wakati huo huo mlango ukafunguka, akaingia Daktari, koti jeupe limefungwa vizuri, na kichwani ile kofia ya Mdai, na kwapani lile daftari la madeni. Alikuwa amekariri sentensi moja na hakuwa na akili ya kutafuta nyingine. Akamtazama marehemu aliyekaa sakafuni anajisugua nyonga, akamwambia:

“Poleni sana na msiba.”

“Tumeshapoa, mwanangu,” akajibu marehemu.

Bi Mwanahawa ndiye aliyetuokoa, kama kuokoa ndiko kule. Akajishika kichwa: “Baba Zuhura! Umerudi?”

“Nimerudi, mke wangu. Nimefika huko, nimekuta nako nadaiwa.”

Mwongozaji akaniinamia sikioni. “Hii ipo kwenye mswada?”

“Ipo,” nikasema.

Zile dakika saba zilikwenda kama hazikuwepo. Daktari alifungua daftari, na kwa kuwa ndani yaliandikwa madeni ya kuigizia, akaanza kuyasoma: mchele, mafuta ya taa, kodi ya chumba. Mzee akamuuliza tangu lini madaktari wanadai mchele. Daktari akagundua kofia, akaivua, akaivaa tena, akaamua kwamba yeye ni daktari mwenye duka. Mkasa wangu wa umaskini wa mjini ulifungwa kwa marehemu na daktari wakipatana malipo ya kidogo kidogo hadi mwezi wa Ramadhani.

Simu ya kituo ililia mpaka usiku. Shangazi yangu wa Tandika alinipongeza, isipokuwa hakuelewa kwa nini yule mzee alikufa pale mwanzoni, ilhali alikuwa mchekeshaji mzuri hivyo.

Jumatatu mdhamini akaja mwenyewe. Nilijipanga kuambiwa habari za hela zake. Akakaa, akafuta uso kwa leso. “Watu wanakuja dukani wanauliza lile godoro la kufufua. Nataka irudiwe. Vile vile.”

Kanda haikuwepo. Hakuna aliyekumbuka kurekodi. Kwa hiyo, sawasawa na Serling, waigizaji wakaitwa tena kuigiza upya, na mimi nikakaa usiku kucha kuandika kwenye mswada yale yote ambayo hayakuwemo: teleza hapa, lia kiuno, daktari aingie na kofia. Mzee Kondo alidai nyongeza kwa ajili ya nyonga, akapewa nusu, akanuna.

Ikafika dakika yenyewe. Kiyoyozi safari hii kiliachwa kimewashwa, kwa kuwa mdhamini alikuwa studio na hapendi joto. Msimamizi akatoa ishara. Bi Mwanahawa akavuta. Nailoni kavu, mgongo mkavu: Mzee hakusogea hata kidole. Akavuta tena, akaweka mguu ukutani, nailoni ikachanika akabaki na kipande chenye jina la biashara mkononi. “Baba Zuhura,” akabembeleza, “rudi basi.” Kimya. Daktari akaingia, akatoa pole, hakujibiwa. Akasoma daftari lote, kisha akalisoma tena kuanzia juu. Mzee Kondo amelala zake, ametulia, amekufa, mpaka saa ikagonga.

Taa zilipozimwa nikamfuata, mdhamini nyuma yangu anatweta.

“Mzee, mbona hukufufuka?”

Akainuka, akajinyoosha, akaanza kuvaa shati lake bila haraka.

“Kufufuka ni ile nusu ambayo hamjalipa,” akasema.