Nyumba ya fito ya kulipia kiingilio

Wageni kutoka nyumbani wakija Birmingham huwa nawapeleka Shottery, pembezoni mwa Stratford-upon-Avon, waone nyumba ya kwao Anne Hathaway, mke wa Shakespeare. Wanalipa kiingilio, wanapiga picha, kisha mmoja hakosi kung'aka: "Kumbe hii ni nyumba ya udongo!"

Ndiyo, ya udongo. Sehemu yake kongwe ni ya miaka ya 1460 hivi. Waliisimamisha kwa magogo ya mwaloni yaliyopinda, mawili mawili, yakainuka kutoka chini hadi kukutana kileleni mwa paa. Katikati wakafuma fito, wakakandika, wakapaka chokaa, wakaezeka kwa majani. Baadhi ya kuta zilijazwa matofali baadaye. Aliyewahi kukandika nyumba Pangani hahitaji maelezo zaidi. Hata moto uliwashwa katikati ya ukumbi, moshi ujitafutie njia juu. Ghorofa na dohani vilikuja baadaye.

Wala haikuwa ya maskini. Akina Hathaway walikuwa wakulima wenye uwezo, na mwaka 1610 Bartholomew, kaka yake Anne, alilinunua shamba walilokuwa wamepanga. Vizazi vilivyofuata vilifilisika, wakauza, wakabaki wapangaji kwenye nyumba ya babu zao. Mwaka 1892 taasisi inayotunza nyumba za Shakespeare ikainunua. Moto ulipoiunguza mwaka 1969, ikakarabatiwa.

Kwetu, mtoto aliyeko Ulaya huonekana kafanikiwa siku anapobomoa nyumba ya fito ya wazazi na kupandisha tofali za saruji na bati. Mimi pia nimechangia bati, na sijutii. Shangazi alichoka kuezeka makuti kila baada ya miaka michache. Wenzangu wa huku wanaohubiri kuhifadhi asili hawajakesha wakihamisha beseni chini ya paa linalovuja. Hiyo ya Shottery yenyewe halali mtu ndani. Inakula viingilio vya watalii.

Ninachokataa ni kuambiwa udongo haudumu. Tofauti iko miguuni. Waingereza waliuinua mti wao juu ya msingi wa mawe, unyevu wa ardhi usiufikie. Sisi nguzo tunaichimbia ardhini, mchwa anaanza kazi siku hiyohiyo, halafu lawama tunautupia udongo.

Nyuma yao kuna sheria pia. Nyumba hii ya mkulima imo katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa Uingereza, na kubadilisha jengo la aina hiyo bila kibali ni kosa la jinai. Kwetu heshima imekwenda kwa mawe: Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia urithi wa dunia mwaka 2000, Lamu 2001. Na hata mawe hayakutosha, maana sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la huko Mji Mkongwe, iliporomoka Desemba 2020 mbele ya macho yetu. Nyumba ya fito haimo hata kwenye mazungumzo.

Nataka kujenga jiko la uani kwa shangazi, la fito, juu ya mawe ya futi mbili, upenu mpana. Mzee mmoja anayejua bado kukandika amekubali. Bei yake imeizidi ya fundi wa tofali, kwa sababu vijana wa kumsaidia hawapatikani.