Kanzidata Ikodiwe, Nakala Ibaki Nyumbani

Bodi ya SACCOS moja ninayoisaidia imeniuliza tena: kwa nini tulipie kila mwezi, tena kwa dola, kuweka kanzidata ya wanachama kwenye wingu, yaani kwenye seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, ilhali PostgreSQL, programu ya kuendeshea kanzidata, ni programu huria isiyo na bei na seva tunayo chumba cha nyuma? Ni swali la haki. Aliyeuliza ni mama muuza mitumba ambaye hisa zake zimo mle ndani, na shilingi ikishuka bili hupanda yeye akiiona. Nilimjibu pale mkutanoni, lakini nilipofika nyumbani niliona jibu langu lilikuwa fupi mno.

Seva ya chumba cha nyuma naijua. Nimeitunza miaka mitatu, katika ofisi nyingine. Umeme ukikatika, betri ya akiba ilituvusha robo saa tu. Kila saa nane ya usiku programu ndogo niliyoiandika kwa mkono wangu ilinakili kanzidata kwenda diski ya nje. Siku diski kuu ilipokufa, nilichomeka ile ya nje nikakuta mafaili yote yapo, yamepangwa vizuri kwa tarehe, ila ya miezi minne ya mwisho hayakuwa na kitu ndani. Sifuri. Diski ilikuwa imejaa, na hakuna aliyeitazama, mimi nikiwa wa kwanza. Tulikaa watu watano kwa wiki tatu tukiingiza upya malipo kutoka kwenye vitabu vya stakabadhi, na wapo wanachama ambao hadi leo sina hakika kama salio lao lilirudi sawasawa. Linaniuma bado.

Ndiyo maana nasema tukodi. Amazon walipozindua RDS, huduma yao ya kukodisha kanzidata, mwaka 2009, ikiwa na MySQL peke yake, programu nyingine huria ya kanzidata (PostgreSQL ilifuata 2013), programu ilikuwa ile ile ambayo yeyote angeweza kuipakua. Mteja alikuwa analipia kazi za usiku: kubadilisha diski, kuweka viraka vya usalama, kuchukua nakala rudufu bila kusahau. Pamoja na nakala ya kila siku, huduma hiyo hutunza kumbukumbu ya kila badiliko, kwa hiyo karani akifuta jedwali saa tisa alasiri unaweza kufungua kanzidata nyingine kama ilivyokuwa saa tisa kasoro dakika moja. Muda huo unaweza kuuweka hadi siku 35 nyuma. Ukiongeza pesa unapata seva pacha katika kituo kingine, inayopokea kila kinachoandikwa papo hapo, na ile kuu ikianguka pacha hushika nafasi yake ndani ya dakika moja au mbili. Ofisi yenye fundi mmoja wa kompyuta, ambaye pia ndiye anayerekebisha printa, haiwezi kujijengea hayo.

Na lisidhaniwe kuwa tatizo la ofisi zisizo na uwezo. GitLab, kampuni ambayo kazi yake ni kutunza misimbo ya programu za wengine, ilikuwa ikijisimamia kanzidata yake. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, fundi aliyechoka alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala. Walipozigeukia, hakuna hata moja iliyowafaa kama walivyotarajia: nakala za kila siku zilikuwa zinashindikana kwa sababu toleo la programu ya kunakili halikulingana na la kanzidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mfanyakazi mmoja aliichukua kwa mkono, kwa shughuli nyingine kabisa, saa sita kabla. Nawaheshimu kwa sababu walieleza yote hadharani. Niliposoma maelezo yao nilijiona mimi mwenyewe.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya data huoza, tena kimyakimya.

Hapa ndipo naachana na wanaouza wingu kana kwamba ukishalipa umemaliza. Mei 2024 UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulipoteza wingu lake binafsi lililokuwa kwenye Google Cloud, wingu la kampuni ya Google. Mipangilio ilikuwa imekosewa upande wa mtoa huduma, nafasi moja ikaachwa wazi wakati wa kuandaa huduma, mfumo ukajiwekea muda wa kikomo, na ulipotimu ukajifuta. Walikuwa wamelipia maeneo mawili tofauti. Yote mawili yalifutika. Kilichosaidia kurudisha mambo ni nakala walizokuwa wamezihifadhi kando, zikiwemo za mtoa huduma mwingine. Wanachama walikaa zaidi ya wiki moja bila kuziona akaunti zao.

Mwezi huo huo, tarehe 12, mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa Afrika Kusini. Sisi data yetu iko Cape Town. Jumatatu yake makarani walirudi kwenye karatasi, na kanzidata ilikuwa nzima kabisa huko iliko. Njia ndiyo iliyokufa. Kuna na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, inayoweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na bodi yoyote iisome kabla ya kusaini mkataba.

Kwa hiyo, mama, bili tutaendelea kuilipa, na nitazifuta seva za majaribio tulizoziacha huko kwenye wingu, maana nimegundua ukizisimamisha tu hujiwasha zenyewe baada ya siku saba. Lakini kila usiku nakala kamili, iliyofungwa kwa nywila, inashuka hadi kwenye mashine yetu hapa ofisini. Jumamosi ya kwanza ya mwezi naifungua kwenye kompyuta tupu, mhasibu akiwa kando yangu na kitabu chake. Tunahesabu wanachama, tunajumlisha hisa, tunachagua majina kumi bila mpango na kulinganisha salio. Mwezi uliopita ilichukua dakika 47, na jina la nne lilikuwa lako.