Mbongeni Ngema: msanii na prodyuza ndani ya mtu mmoja, ilimfaa au ilimponza?

Wengi wetu huku tunamjua Ngema kupitia Sarafina, ile filamu ya 1992 ya kina Leleti Khumalo na Whoopi Goldberg, watu wameimba nyimbo zake hata bila kujua Kizulu. Ila kabla ya filamu ilikuwa shoo ya jukwaani, na mwenye shoo ndo huyu jamaa wa Verulam, karibu na Durban, Afrika Kusini, aliyefariki kwa ajali ya gari Desemba 27, 2023. Ninachotaka tupime ni hiki, msanii anayecheza, anatunga, anaongoza, halafu yeye yeye ndo anasaka hela na kuigawa, ni sawa?

Upande wa ndiyo una nguvu sana kiukweli. Ngema alilelewa kisanaa na Gibson Kente, mzee aliyekuwa anatunga na kuzungusha maonyesho yake mwenyewe kwenye vitongoji vya weusi, maana enzi za ubaguzi ungemsubiri nani akupe hela? Kwa Kente ndo alikutana na Percy Mtwa, na 1981 wakatoka na mchezo wa jukwaani, Woza Albert!, chini ya muongozaji Barney Simon pale Market Theatre, Johannesburg. Waigizaji wawili tu, steji karibu tupu, mmoja akitaka kuwa mzungu anavaa kipua cha bandia cha pinki, akikivua tayari ni mfungwa au kinyozi wa mtaani. Baadaye akaanzisha kundi lake, Committed Artists, akachukua vijana ambao hakuna aliyewajua akawanoa kuimba, kucheza na kuigiza, 1987 Sarafina ikaanza hapohapo Market Theatre, muziki akishirikiana na mpiga tarumbeta Hugh Masekela, na Januari 1988 wako Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, wakapiga shoo 597 na kutajwa kuwania tuzo 5 za Tony, zile kubwa za maigizo ya jukwaani Marekani. Mimi siamini kuna prodyuza mwenye hela zake angewabeba wale watoto mpaka New York, ilihitaji mtu aliyewaamini kisanaa na pia mwenye sauti ya mwisho.

Sasa njoo Sarafina 2. Mwaka 1995 wizara ya afya, waziri akiwa Nkosazana Dlamini-Zuma, ikampa mkataba wa randi milioni 14.27 atengeneze mchezo wa kuelimisha watu kuhusu ukimwi. Zabuni ikawa na kasoro, Umoja wa Ulaya ambao hela yao ilitajwa wakasema hawakuidhinisha, Selby Baqwa aliyekuwa anachunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali akatoa ripoti kali, na 1996 shoo ikasimamishwa. Na kilichouma zaidi, watu wanaofanya kazi za ukimwi walisema ujumbe wenyewe haujakaa sawa.

Kwangu lawama ya kwanza ni ya wizara, kanuni za zabuni ni zao sio za mtunzi. Lakini Ngema naye simwachii, kwa sababu shoo ya tiketi ina mkaguzi wake, watu wasiporidhika hawaji, unajua usiku uleule. Hela ya wizara haina huyo mkaguzi, na kama mtunzi, muongozaji na mlipaji wa mishahara ni mtu mmoja, nani kwenye mazoezi atathubutu kumwambia bosi hapa kwenye kondomu hatujaeleweka? Angemwachia mtu mwingine uprodyuza kwa kazi ile moja tu, akabaki na steji, pengine ingekuwa shoo ndogo ya waigizaji wachache wanaozunguka mashuleni, ila ingefika.