Mwenye nyumba ya wageni aseme lipi, na lipi aliache

Picha za ufuo wa Paje na Jambiani, karibu zote, zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Mgeni akishaziona analipa, anasafiri, anafika Unguja, anapelekwa pwani ya mashariki alasiri na kukuta bahari imekwenda zake. Maji yamepwa hadi kule kwenye mwamba, na anayetaka kuogelea hana budi atembee kwanza. Hakuna aliyemdanganya. Hakuna aliyemwambia pia.

Hapo ndipo unapoanzia ubishi wa wenye nyumba ndogo za wageni, wale wa vyumba vitano au kumi wanaolaza watu na kuwapa chai ya asubuhi: waandike nini mtandaoni kuhusu nyumba zao na mahali walipo? Wako wanaosema andika yote, mgeni aje akijua. Wako wanaosema kazi yako ni kujaza vyumba, na ukitangaza kupwa kwa maji umemsukumia mteja wako Nungwi, ambako bahari haiendi mbali. Hoja ya hawa wa pili si ujanja mtupu. Mwenye nyumba ndogo hana fungu la matangazo. Wageni wake wengi huja kupitia mitandao ya kuhifadhi vyumba, ambayo hukata kamisheni ya asilimia 15 na mara nyingine zaidi. Maandishi yake mwenyewe ndiyo mlango ambao mgeni huingia bila mtu wa kati kuchukua chake, na kumwambia atundike kasoro kwenye mlango huo ni kumtaka mengi.

Hata hivyo, kwenye hili la maji sioni faida ya kunyamaza. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ratiba yake hujulikana mwaka mzima kabla. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hupungua sana. Mtu wa Jambiani anayajua haya kuliko wakala yeyote wa safari aliyeko London. Akiandika kwamba wiki fulani maji yatajaa asubuhi, kwamba mchana mgeni aje na viatu vya kutembelea mwambani, na kwamba maji yakitoka atawaona kina mama kwenye mashamba ya mwani, tayari malalamiko ya kesho yamekuwa matembezi. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza pwani ile mwaka 1989, na kazi yake hufanyika maji yakiwa yametoka. Mgeni aliyeambiwa hukungoja huko kupwa. Asiyeambiwa huandika maneno makali ambayo kila atafutaye chumba atayasoma kwa miaka.

Masika nayo ni hivyo hivyo. Aprili na Mei mvua ni nyingi, baadhi ya hoteli hufunga kabisa, njia za ndani huwa tope. Ukisema hivyo utawapoteza baadhi ya wageni, bila shaka, lakini wanaobaki ni wale wanaotafuta bei ya chini na ufuo usio na watu, na watu wa namna hiyo hawagombi mvua ikinyesha.

Gharama zina ugumu wa aina nyingine. Tangu Oktoba 1, 2024 mgeni anayetoka nje ya nchi hutakiwa kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Ongeza viza ya Tanzania, dola 50 kwa raia wa nchi nyingi na dola 100 kwa Wamarekani. Mume na mke kutoka Ujerumani wametoa dola 188 kabla hawajakiona kitanda. Wapo wenye nyumba wasiotaka kuzitaja pesa hizi, wakisema serikali ndiyo inayotoza na wao hawahusiki. Ni kweli, ila mgeni haziweki kwenye mafungu mawili. Kwake yeye ni safari moja na mfuko mmoja. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba ada hubadilika na maandishi hubaki. Maelezo yaliyoandikwa mwaka 2019 bila tarehe yanasomwa hadi leo, na hayataji bima hata kidogo. Anayeandika ada aweke mwezi na mwaka, au aache.

Kisha kuna Lamu, ambako swali lenyewe huuma. Septemba na Oktoba 2011 watalii walitekwa Kiwayu na Manda. Juni 2014 Mpeketoni ilivamiwa na makumi ya watu wakauawa. Januari 2020 kambi ya kijeshi ya Manda Bay ikashambuliwa. Serikali za nje zikatoa maonyo kwa raia wake, na wenye nyumba za Shela na Mji wa Kale, mji ambao UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, wakabaki na vitanda vitupu. Manung'uniko yao yana haki. Mtu wa Ulaya akisikia "Lamu" hatofautishi kisiwa cha Amu, ulipo Mji wa Kale, na msitu wa Boni ulio bara, unaosemekana kuwa maficho ya wapiganaji, na kati ya viwili hivyo pana bahari na masafa marefu ya bara. Wengi wao wameamua kwamba neno usalama halitaandikwa kwenye kurasa zao, kwa kuwa hata ukilitaja kwa wema umeshamkumbusha mtu hofu.

Naelewa, lakini mgeni atalisoma onyo kwa vyovyote vile, na asipolisikia kwako atalisoma peke yake usiku akiwa kwao. Kuna pia jambo dogo linalosahaulika: bima nyingi za safari hazimlipi mtu aliyekwenda mahali ambapo serikali yake ilimshauri asiende. Mwenye nyumba anayeandika "Lamu salama, msiwasikilize" ametoa dhamana asiyokuwa nayo, na gharama ya dhamana hiyo itamwangukia mgeni. Aseme anachokijua kwa macho yake: kwamba wageni wake wengi hufika kwa ndege hadi uwanja wa Manda na kuvuka kwa boti badala ya kuja kwa basi, kwamba mtaani kwake hali iko hivi na hivi. Kisha amwambie mgeni asome tangazo la serikali yake na masharti ya bima yake kabla ya kulipa. Zaidi ya hapo ni kazi ya wengine.

Nikifika hapa naonekana niko upande wa wanaosema yote. Siko. Mvua, maji, umeme unaokatika, ngazi kali za nyumba ya zamani, adhana ya alfajiri kwenye msikiti ulio dirishani: hayo yanamhusu mgeni moja kwa moja, na mwenye nyumba anadaiwa ayaseme. Ila kuna mengine anayoyajua kwa sababu tu anaishi pale, na kujua kwake hakumpi ruhusa ya kuyagawa.

Tazama Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Wavuvi wa huko waliwahi kuwavua pomboo kuwa chambo; mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kuwapeleka watalii kuwaangalia, na mwanzo ulikuwa mzuri, kwani pomboo hai akawa na thamani kuliko aliyekufa. Kisha habari zikaenea. Leo asubuhi moja ya msimu unaweza kukuta boti zimewazunguka wanyama wachache, injini zinanguruma na watu wanarukia majini mbele yao. Watafiti waliowafuatilia walikuta kwamba boti zikiwepo pomboo hupumzika kidogo na kusafiri zaidi. Hakuna mwenye nyumba mmoja aliyeyaleta hayo. Yamekuja kwa maelfu ya maandishi mafupi, kila moja likisema "nenda pale, mwambie nahodha akusogeze karibu."

Kwa hiyo wale wanaosema mahali pa siri pabaki siri wana hoja nzito. Ila nao wana upofu wao. Mahali pasipoandikwa hapabaki pa wanakijiji. Mara nyingi panakuwa pa hoteli kubwa yenye boti yake na wateja wake, na nahodha wa kijijini habahatiki kupata hata abiria mmoja. Ukimya nao una anayefaidika nao. Ningependelea mwenye nyumba aandike kuhusu kazi badala ya mahali: anayefundisha kusuka ukili na amekubali kutajwa, nahodha ambaye hasogezi boti juu ya pomboo, shamba la viungo lenye mwenyewe anayepokea wageni. Panapokuwa na pango, kisima au ufuo wa uvuvi, aulizwe sheha, yaani kiongozi wa mtaa, na wazee wa pale kwanza. Wakikataa, wamekataa, hata kama picha ilikuwa nzuri.

Picha ndiyo penye makosa mengi kuliko maneno. Barazani kuna wazee, mlangoni kuna mama anayekaanga vitumbua, kichochoroni kuna watoto wanaotoka chuoni na misahafu yao. Mwenye nyumba anawapiga kwa sababu anawajua kwa majina, na wao hawakatai kwa sababu ni jirani. Kibali cha ujirani, hata hivyo, hakikuwa kibali cha kuwa tangazo la vyumba. Wageni nao vilevile. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ilipitisha ya kwake mwaka 2022, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ya Kenya iliitoza baa moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Nyumba ya vyumba sita haiwezi kubeba adhabu ya namna hiyo. Na hata sheria isingekuwepo, wanandoa walio kwenye fungate wana haki ya kula mahamri yao bila kutangazwa siku ileile wako wapi.

Kuna na la historia, ambalo nitalipitia upesi kwa kuwa halinipi shida ya kuamua. Kila nyumba kongwe ya Mji Mkongwe hudai iliwahi kulaza binti wa sultani. Miiba ya shaba milangoni, mgeni huambiwa, ni ya kuzuia tembo, na mtindo huo kweli umetoka India, ila Unguja haina tembo wa kuzuiwa. Hayo yanachekesha na hayaumizi. Lakini anayekiita ghala chake cha chini "chumba cha watumwa" ili kuuza kitanda cha juu, bila ushahidi wowote, katika mji ambao soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na vitukuu wa waliouzwa bado wanaishi humo, huyo anyamaze tu. Aeleze mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, ambavyo vipo na vinaonekana.

Ajabu yangu ni chai ya asubuhi. Nyumba nyingi zinajisifia pankeki na matunda, na jikoni mpishi anajilia mbaazi za nazi, mkate wa kumimina na chai ya tangawizi. Hicho ndicho cha kuandika, pamoja na vipimo vya nazi.

Jambo ambalo pande zote mbili zitalazimika kulijadili karibuni ni Ramadhani. Mwezi huo kula hadharani mchana Zanzibar hakukubaliki, mikahawa mingi hufungwa hadi magharibi, na usiku mji huchangamka kuliko wakati mwingine wowote. Wenye nyumba wengi wamezoea kutoutaja, maana kwa miaka kadhaa ulikuwa ukiangukia masika au karibu yake, na wageni ni wachache. Sasa unarudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka. Mwaka 2028 utaanza mwishoni mwa Januari, katikati ya msimu wa juu. Mwaka 2030 utaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena karibu na tarehe 26 Desemba, juma ambalo vyumba huuzwa kwa bei ya juu kuliko yote, na watu wanaohifadhi vyumba vya mwisho wa mwaka huanza kuuliza miezi mingi kabla.