Mwenyekiti Alinaswa Kweli, Ila Paka Walikuwa Wawili Tu

Kabla hamjanitumia tena ile klipu ya Mwenyekiti wa kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, akiwa amenaswa wavuni sebuleni kwangu, naomba tusahihishane. Paka hawakuwa saba, walikuwa wawili. Na Mwenyekiti hakuzimia. Alikaa chini kwa hiari yake baada ya kuona kusimama hakumsaidii. Shoga yangu aliyewasambazia habari hii WhatsApp tangu juzi alikuwa mlangoni, simu mkono wa kulia, chapati mkono wa kushoto, kwa hiyo msimpokee kama shahidi wa maana. Hata kuniuliza "nikusaidie?" hakuniuliza.

Haya. Ilikuwa zamu yangu ya kukaribisha kikoba nyumbani.

Mlio kwenye vikoba mnajua zamu ni nini. Hisa na mikopo ni kisingizio tu. Wanakuja kukagua sebule. Mwenzangu aliyenitangulia alitukalisha kwenye makochi mapya ambayo bado yana nailoni. Mimi makochi mapya sina, ila bando ninalo. Nikaingia mtandaoni kutafuta mapambo ya nyumba ya kujitengenezea, nikakutana na dada mmoja wa Kizungu anaonyesha mapambo ya kiangazi. Anatembea pekupeku ufukweni, anaokota gogo jeupe lililolainishwa na maji, anaokota makombe, anachukua wavu wa samaki, anatundika ukutani, anawasha vitaa. Dakika chache, ukuta umekuwa hoteli. Nikajiambia, kiangazi si ndiyo hiki, Julai, vumbi na upepo wa ziwani? Ufukwe si tunao? Tena kutoka kwangu Kirumba, hapa Mwanza, hadi Mwaloni, soko la samaki la kando ya ziwa, nashuka kwa miguu.

Sasa niwaambie ukweli ambao yule dada hausemi, kwa sababu haujui. Ziwa Victoria halina mti wa bure. Ubao wa mtumbwi ukigusa nchi kavu tu, hiyo tayari ni kuni. Nilikiona kipande kizuri kimekaa peke yake, nikainama. Mama mmoja anayekaanga samaki akaniita kutoka mbali: "Dada, hicho kina mwenyewe." Nikakiacha. Makombe nayo si yale ya pwani ya rangi ya waridi. Yetu ni madogo, yana rangi ya uji, na watu hapa wanayanunua ya kusaga wachanganye kwenye chakula cha kuku. Nikanunua kisado. Muuzaji akaniuliza nafuga wangapi. Nikamjibu sifugi, ni ya kutundika ukutani. Akaniangalia, akaniongezea konzi mbili za bure.

Wavu niliuziwa na kijana pale pale Mwaloni kwa elfu nane. Wavu wa makila, ule wa kutega sangara, umechakaa, bado una maboya yake ya vipande vya kandambili. Wa yule dada wa mtandaoni ulikuwa mweupe, nadhani haujawahi hata kumwona samaki. Wangu ulikuwa umestaafu baada ya utumishi wa muda mrefu. Nikauloweka kwa sabuni ya unga, nikaurudia kwa siki, nikaumalizia kwa ndimu, nikauanika juani mpaka ukakauka kau. Nikaunusa. Safi kabisa!

(Wa Musoma na Bukoba najua mshaanza kucheka. Ndiyo. Mtu aliyekulia Kirumba akinusa kitu akasema hakinuki samaki, huo si ushahidi.)

Nikagongelea misumari ya inchi tatu, minne, juu ya kochi kubwa. Ule wa pembeni uliingia kwa urahisi ambao ulipaswa kunitia wasiwasi, lakini nyumba ya kupanga ndivyo ilivyo, plasta mchanga mtupu. Nikafunga makombe kwa uzi, moja moja, yananing'inia kwenye matundu. Nikakata chupa za maji nikatengeneza maua. Nikapitisha vitaa. Upepo ukiingia dirishani makombe yanagongana, ting ting ting. Jamani, ilipendeza. Hata leo nasema ilipendeza, na mwenye wivu ajinyonge.

Kuhusu dirisha. Mnaoijua Mwanza mnajua nyumba zetu za mlimani zimejengwa katikati ya mawe. Dirisha langu la sebuleni linatazamana na jiwe moja kubwa, karibu kiasi kwamba naweza kuanika kitambaa juu yake bila kutoka nje. Wavu wa mbu wa dirisha hilo ulishachanika chini. Na juu ya jiwe hilo, kila jioni, wanaota jua paka wa Mwaloni. Hao si paka wa mtu. Wamelelewa na dagaa, wana vifua kama mabaunsa.

Saa kumi wanakikoba wakaingia. Wakaona ukuta. Nikasikia "heee!" ile ya kweli, siyo ya adabu. Mwenyekiti, mama mwenye mwili na heshima zake, akapewa kochi kubwa, chini ya pambo. Alikuwa na wigi jipya na hereni za duara. Sanduku likawekwa miguuni kwake, kufuli tatu zikafunguliwa, Mweka Hazina akaanza kupanga noti. Katibu akavuta pumzi ndefu akasema, "Leo tutakula sangara, nimeshasikia harufu."

Nilikuwa nimepika pilau ya kuku.

"Ndiyo," nikajibu. Sijui ndiyo hiyo ilitoka wapi.

Tukafika kwenye yatokanayo na kikao kilichopita. Katibu anasoma, sebule imetulia, jua la jioni limeingia na joto lake, na ule wavu, taratibu, ukaanza kukumbuka kazi yake ya zamani. Hata mimi niliusikia. Upepo ukapita. Ting ting ting.

Paka wa kwanza, dume jeusi lenye sikio lililopasuka, likaingiza kichwa pale palipochanika. Likamwangalia Katibu. Likaangalia ukuta. Likateremka dirishani bila haraka, likapanda mgongo wa kochi, likapita nyuma ya shingo ya Mwenyekiti kama mjumbe aliyechelewa anayetafuta kiti. Mwenyekiti hakuona, alikuwa anafuatilia kumbukumbu. Mimi niliona. Nilitaka kusema "shii!" lakini ukisema kabla hujaruhusiwa ni faini elfu moja, na kichwa changu, Mungu anisamehe, kilifikiria kwanza ile elfu moja.

Dume likanusa boya. Likalilamba. Likafumba macho.

Wa pili, mwenye madoa, hakuwa na adabu hiyo. Aliruka kutoka dirishani moja kwa moja, miguu minne imetanuka, akaung'ang'ania wavu katikati na kuanza kupanda. Nikasikia plasta inasema *kshhh*. Mchanga mwembamba ukamwagikia daftari la Katibu. Katibu akaupuliza, akaendelea kusoma. Msumari wa pembeni ukainama, ukachungulia, ukatoka. Wa pili ukaufuata. Na wavu wote, na makombe yake, na maua ya chupa, na vitaa bado vinawaka, ukashuka ukamfunika Mwenyekiti kuanzia utosini, taratibu, kama shela ya bibi harusi.

Kukawa kimya. Chini ya wavu Mwenyekiti akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nini hiki?"

Halafu akasimama.

Hapo ndipo klipu yenu inapoanzia. Aliposimama hereni zikaingia kwenye matundu, wigi likaingia, paka wa madoa aliyekuwa ndani pamoja naye akaingiwa na wazimu. Boya likampiga Katibu usoni. Wenzangu wawili wakavuta wavu kushoto, mimi nikavuta kulia. Kadiri tunavyovuta ndivyo unavyombana shavu. Mweka Hazina alijirusha, na ninyi kwenye klipu mnadhani alikwenda kumwokoa Mwenyekiti. Hapana. Alilala kifudifudi juu ya sanduku, anapiga kelele, "Hela kwanza! Hela kwanza!"

Aliyetuokoa ni babu wa chumba cha mwisho, mvuvi mstaafu, aliyekuja na kanzu ya ndani akidhani tumevamiwa. Akasimama mlangoni, akaangalia, akakasirika. Si kwa sababu ya mama wa watu. Kwa sababu ya ufundi.

"Acheni kuvuta! Mnavuta hivyo, hili kokoro la kukokota? Nyavu ya makila inalegezwa!"

Tukaachia wote. Akamkalisha Mwenyekiti chini, akapiga magoti nyuma yake, akaanza kumtoa, tundu moja baada ya jingine, kichwa kwanza. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Mwenyekiti akijitikisa, babu anamwambia kwa upole, "Tulia, mama, tulia. Usipige mkia, unajikaza."

Sebule nzima ilisikia mkia. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Alipomaliza akatanua tundu moja kwa vidole, akalipima kwa macho. "Inchi saba. Halali hii," akasema, akatukumbusha jinsi nyavu haramu zilivyochomwa moto kwa malundo kwenye operesheni ya mwaka 2018, na kwamba sangara wa chini ya sentimeta 50 ni marufuku kumvua. Akamwangalia Mwenyekiti. "Huyu amevuka."

Mengine mafupi. Pilau ililiwa yote, hakuna aliyeuliza sangara amekwenda wapi. Wigi lilipatikana chini ya meza likiwa na makombe sita, nikayatoa nikaliosha kwa shampuu yangu. Babu aliondoka na wavu begani, sikumzuia. Ukuta una matundu manne ambayo mwenye nyumba hajayaona, na nyie mnaomfahamu kaeni kimya.

Katibu aliandika kwenye kumbukumbu: "Saa 10:50 kikao kilisimama kwa muda kutokana na wavu." Kisha wakanipiga faini ya shilingi 5,000 kwa kuvuruga kikao. Nimeisoma katiba yetu yote. Kuna faini ya kuchelewa, kuna ya simu kuita, kuna ya kusema bila ruhusa. Ya wavu hakuna. Silipi. Nimeandika barua ya rufaa, nimeipeleka leo asubuhi, na kwa mujibu wa katiba hiyo hiyo, rufaa inasikilizwa na Mwenyekiti.