Kamera Ndogo, Mkono Mzito

Kijana anayeanza kupiga picha za harusi hapa Mwanza hupewa ushauri mmoja: achana na hilo dude, yaani kamera kubwa yenye kioo cha kuakisi ndani, tafuta ndogo isiyo na kioo hicho (mirrorless), mgongo wako utakushukuru. Ushauri huo una sababu. Ukitoka kanisani, ukapanda na maharusi kwenye mawe ya Capri Point, kisha ukasimama ukumbini mpaka usiku wa manane, shingo inaanza kudai.

Lakini tupige hesabu. Nikon D850, ambalo ni dude kweli, lina gramu 1,005 pamoja na betri na kadi. Sony a7 III, isiyo na kioo, ina gramu 650. Zimeondoka gramu 355, na dukani mazungumzo huishia hapo. Sasa funga lenzi ya kazi, 70-200 ya f/2.8, ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali na kupitisha mwanga mwingi. Ile Nikon iliyotoka 2016 ina gramu 1,430. Ya Sony ya mwaka huohuo ina 1,480. Jumla ni 2,435 kwa 2,130. Ule wepesi wote umebaki gramu 305, na uzito uliobaki umehamia mbele, unakokivuta kiganja kuelekea chini. Kweli, 2021 Sony walitoa toleo jipya la gramu 1,045, na aliye nalo ana haki ya kunibishia. Ila wepesi huo umeletwa na lenzi. Kamera haikuwa na mchango wowote.

Niliazima kamera ndogo nikaenda nayo Mwaloni, Kirumba, asubuhi boti zikishusha dagaa. Ubao wa boti unayumba, wabebaji wanapita na magunia kichwani, vidole vimelowa. Kidole changu cha mwisho hakikupata pa kushika. Kilibaki kinaning'inia chini ya kamera, na kazi yake ikafanywa na kifundo cha mkono. Nikitafuta kitufe kimoja, dole gumba linabonyeza viwili. Baada ya nusu saa mkono ulikuwa unatetemeka, na picha zinaonyesha. Kamera kubwa inajaza kiganja. Vitufe vimeachana, unavifikia bila kuondoa jicho.

Kuna jambo moja nalikubali bila ubishi. Siku ile mama mmoja aliyekuwa akichambua dagaa hakugeuka hata mara moja. Kwa dude langu angeshajitanda khanga vizuri na kukaa mkao wa picha. Na kanisani, wakati wa viapo, ukimya wa kamera hizi ndogo ni heshima kwa maharusi.

Betri ni habari nyingine: kwa vipimo vya watengenezaji, chaji moja ni picha 1,840 kwa D850, 610 kwa a7 III ukitumia kidirisha cha jicho. Betri za akiba nazo zina uzito.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayejipanga kununua, nenda dukani na lenzi yako mwenyewe. Ifunge, weka kamera jichoni dakika kumi bila kuegemea kaunta, ndipo uulize bei.